Kwa nini mtungi huteleza kwenye bamba na bawa, na namna ya kuufunga usiteleze

Wateja wengi wanaoacha jaketi la kawaida la kuzamia, lile linalojazwa hewa, na kuanza kutumia bamba na bawa (bamba gumu la mgongoni na mfuko wa hewa unaofungwa nyuma yake) hutuletea dukani lalamiko lile lile: mtungi wa hewa unashuka. Wameingia majini kila kitu kikiwa sawa, lakini baada ya dakika kumi regulata, kifaa cha kupumulia, inaanza kuvuta mdomoni, na wakipapasa nyuma wanakuta mtungi umeteremka hadi unagonga mapaja. Wengi hudhani wameuziwa vifaa vibovu. Tukikagua, karibu kila mara vifaa ni vizima na kilichokosewa ni mkanda. Ama ulifungwa ukiwa mkavu, ama ulikuwa umepimiwa mtungi wa unene mwingine, ama ulipitishwa vibaya kwenye kifungio chake.

Hapa tunazungumzia mtungi mmoja, ambao ndio unaotumiwa na wazamiaji wengi wa pwani yetu, kuanzia Watamu na Diani hadi Nungwi, Pemba na Mafia. Mitungi pacha hufungwa kwa bolti na ina mambo yake.

Anza na bamba, bawa na adapta

Bamba la stenlesi la unene wa milimita 3 huwa na uzito wa kilo 2.5 hadi 3. La alumini huwa karibu kilo 1. Katikati lina mfereji uliochomoza kuelekea mtungi, na ndani ya mfereji huo kuna matundu mawili ya bolti yaliyoachana milimita 279, yaani inchi 11, ukipima katikati hadi katikati. Kipimo hicho kinatokana na bolti za mitungi pacha, na watengenezaji wengi wanakifuata. Ndiyo maana bamba la kampuni moja kwa kawaida hukubali bawa la kampuni nyingine.

Mtungi mmoja hushikiliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni adapta, kipande chembamba cha chuma chenye umbo la mfereji, ambacho mtungi hulala juu yake usiyumbe kushoto na kulia. Ukitumia adapta, mpangilio kutoka mgongoni kwenda nje ni bamba, bawa, adapta, kisha mtungi, na mikanda hupita kwenye adapta yenyewe. Njia ya pili haina adapta: mikanda hupenya matundu marefu ya bamba, ikapita matundu ya bawa, ndipo ikazunguka mtungi. Mabawa mengi ya siku hizi yameshonewa vipande vigumu katikati vya kuzuia mtungi usiyumbe, hivyo adapta si lazima. Kama bawa lako halina vipande hivyo na huna adapta, mtungi utabingirika mgongoni hata ukikaza mikanda kiasi gani. Usipoteze nguvu zako hapo, tafuta adapta.

Ukifunga bila adapta, angalia kwa macho kwamba mkanda umepita ndani ya matundu ya bawa na haukulikumbatia bawa kwa nje. Mkanda uliopita nje hubana mfuko wa hewa. Bawa litajaa nusu, upande mmoja utakuwa mzito, na mfuko utaanza kuchubuka pale mkanda unaposugua. Bawa likae bomba la kujazia hewa likiwa bega la kushoto, na valvu ya chini ya kutolea hewa ikiwa kiunoni upande huo huo wa kushoto.

Kuhusu bolti tunaomba umakini. Adapta nyingi hutumia bolti za M8, yaani za milimita 8, nyingine hutumia za inchi 5/16. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa sababu 5/16 ni milimita 7.94, lakini nyuzi zake hazilingani. Nati ya aina moja huingia kwenye bolti ya aina nyingine mizunguko miwili au mitatu, kisha inakwama, na anayelazimisha kwa spana huharibu nyuzi za vyote viwili. Nati ikianza kugoma mapema, isimamishe na ulinganishe. Bolti ikipotea, usichukue ya kuezekea mabati. Nunua ya stenlesi yenye alama ya A4 kichwani, maana hiyo ndiyo inayohimili maji ya chumvi. Maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi huwa na A2, ambayo huanza madoa ya kutu mapema zaidi baharini. Nati ikazwe kwa vidole hadi mwisho, kisha robo mzunguko. Urefu nao una maana: bolti fupi hushika nyuzi chache, na ndefu hutokeza ikakuchoma uti wa mgongo kupitia suti.

Mkanda na kifungio chake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tumia mikanda miwili, wa juu na wa chini, ya nailoni yenye upana wa milimita 50. Mkanda mmoja unatosha kwenye baadhi ya majaketi kwa sababu mgongo wake wa plastiki ni mpana na una kamba ya kushikilia shingo ya valvu. Bamba halina msaada huo.

Kifungio cha kawaida kina matundu matatu na mkono unaogeuka. Ncha ya mkanda hupita matundu mawili ya kwanza kwa kwenda na kurudi, ili mkanda ujikunje na kujibana wenyewe. Tundu la tatu liko kwenye ncha ya mkono, nalo hupitishwa mwisho, ukiwa tayari umeshavuta mkanda kuondoa ulegevu. Ukishapitisha hapo, vuta ncha ya mkanda kuzunguka mtungi na mkono utajilaza wenyewe. Mwisho bandika velkro.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni mkanda kuruka tundu moja katika yale mawili ya kwanza. Nchi kavu hutaliona kosa hilo, kwa sababu velkro inashikilia na mtungi unaonekana umekaza. Velkro kazi yake ni kuzuia ncha isipeperuke tu. Ikilowa na kubeba uzito wa mtungi inaachia kidogo kidogo, na mtungi unashuka sentimita kwa sentimita. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa mkanda kwenye kifungio kipya, upige picha kwa simu kutoka juu na kutoka pembeni. Vifungio vya stenlesi havifanani vyote, na picha itakuokoa siku mkanda utakapochomoka wote wakati wa kuosha.

Ukazaji unapimwa na mkono wa kifungio. Mkono ukilala kwa kidole kimoja, mkanda umelegea. Fungua, vuta sentimita moja, jaribu tena. Ukilazimika kutumia uzito wa mwili mzima na kifungio kinalia, umezidisha, na kama ni cha plastiki kitapasuka pale pini inapopita. Kipimo kizuri ni ukinzani ulio thabiti, unaotaka nguvu ya kiganja, halafu mkono unagota na kulala bapa juu ya mtungi. Vifungio vyote viwili vikae upande mmoja, ubavuni mwa mtungi, mahali ambapo mkono wa kifungio hauligusi bawa likijaa.

Lowesha kwanza

Nailoni hunywa maji na kurefuka. Mkanda mkavu uliokazwa vizuri kwenye boti utakuwa umelegea ukifika chini, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuuachia mtungi laini wa alumini. Dawa yake haina gharama: tumbukiza mikanda yote miwili kwenye ndoo ya maji kwa dakika moja au mbili, ikunjekunje ili maji yapenye katikati ya nyuzi, ndipo ufunge. Kama unazamia mara mbili siku hiyo, mikanda itakuwa tayari imelowa kwa mzamio wa pili, lakini jua la mchana kwenye boti huikausha upesi kuliko watu wanavyodhani. Imwagie maji tena.

Kuna vitu vingine vinavyofanya mtungi uteleze hata mkanda ukiwa umelowa na kukazwa. Kimojawapo ni mafuta ya kujikinga na jua: mikono iliyopakwa mafuta ikishika mtungi huacha utando, na mkanda unapita juu yake bila kushika. Futa mtungi kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kingine ni wavu wa plastiki unaovishwa mitungi ya chuma kulinda rangi. Mkanda hushika wavu, na wavu wenyewe unateleza juu ya mtungi. Uvue, au uushushe hadi chini ya mkanda wa chini. Tatu ni mchanga ndani ya kifungio, unaozuia mkono usilale mpaka mwisho. Baadhi ya mikanda huja na kipande cha mpira upande wa ndani, nacho kinasaidia sana. Kama chako kimepotea, tunacho cha kuuza peke yake, huna haja ya kununua mkanda mzima.

Mitungi miwili, vipimo viwili

Mitungi mingi ya kukodi tunayoiona pwani ni ya alumini ya lita 11.1, yenye kipenyo cha milimita 184. Vituo vingine vina ya chuma ya lita 12, ambayo ile mirefu ina kipenyo cha milimita 171, na mifupi na ya lita 15 hufika milimita 203. Ukipiga hesabu ya mzunguko, wa alumini ni karibu sentimita 58, wa chuma mwembamba karibu 54, na mnene karibu 64. Kwa maneno mengine, mkanda uliopimiwa mtungi wa alumini unazidi kwa sentimita 4 ukiuhamishia kwenye mtungi mwembamba wa chuma. Hakuna mkono wa kifungio unaoweza kumeza sentimita 4. Utafunga, utagota, na mtungi utatoka.

Waongozaji wanaozamia vituo tofauti ndani ya wiki moja ndio wanaoumizwa na jambo hili. Tunawashauri waweke alama kwenye mkanda kwa uzi wa rangi: nyekundu mahali mkanda unapofika kwenye mtungi wa alumini, njano kwa mtungi wa chuma. Kalamu ya wino hufutika baada ya miezi michache ya chumvi, uzi haufutiki. Alama hukufikisha karibu tu, ukazaji wa mwisho bado ni wa mkono.

Urefu wa mtungi mgongoni

Simamisha mtungi, valvu ikiwa juu, tundu la kutokea hewa likitazama bamba, na kitasa cha kufungulia kikiwa mkono wako wa kulia kama vile umeshauvaa. Anza kwa kulinganisha ukingo wa juu wa bamba na mahali bega la mtungi linapoanza kujipinda. Mkanda wa juu lazima uwe kwenye ukuta ulionyooka. Ukipanda hata kidogo juu ya mpindo wa bega, utakimbia kuelekea shingoni kwenye wembamba, na hapo umeshalegea. Mkanda wa chini hauna shida hiyo, ila usikae juu ya kiatu cha plastiki cha kitako.

Funga regulata, vaa, kisha inua uso kama mtu anayeogelea akitazama mbele. Kisogo kikigonga hatua ya kwanza ya regulata, yaani sehemu yake inayofungwa kwenye valvu, mtungi uko juu mno. Sasa peleka mkono wa kulia nyuma ujaribu kufungua na kufunga kitasa cha valvu. Usipokifikia, mtungi uko chini mno, au mikanda ya mabegani imelegea, kwa hiyo jaribu kukaza mikanda ya mabega kabla ya kupandisha mtungi. Badilisha sentimita 2 au 3 kwa wakati mmoja. Valvu za DIN (regulata huingia kwa nyuzi) na za nira (regulata hubana kwa nje) hazikai sawa kisogoni, hivyo anayebadilisha aina ya regulata arudie jaribio hili.

Urefu huo huo ndio unaoamua namna unavyolala majini. Mtungi uliojaa ni kitu kizito, na ukiupandisha unasogeza uzito kuelekea kichwani, miguu inainuka. Ukiushusha, miguu inazama. Ila mtungi wa alumini hubadilika njiani. Ukijaa huzama kwa nusu kilo au zaidi kidogo, na ukikaribia kwisha huelea kwa takribani kilo 1.5, kwa sababu hewa iliyomo nayo ina uzito: kutoka baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) hadi 50, mtungi wa lita 11.1 hupoteza karibu kilo 2. Basi usipime mlalo wako mwanzoni mwa mzamio tu. Upime tena mwishoni, unaposimama kwa usalama kwenye kina cha mita 5, na utafute urefu unaokufaa nyakati zote mbili.

Jaribio kabla ya boti kuondoka

Shika bamba kwa juu, mahali mikanda ya mabega inapoingia. Usishike valvu. Inua seti nzima sentimita 10 kutoka sakafuni na uitikise kwa nguvu mara kadhaa. Kisha irudishe chini, liegemeze bamba kwenye goti, ukandamize valvu kwa kiganja. Mtungi ukisogea hata upana wa kidole, fungua mikanda yote na uanze upya. Kukaza juu ya mkanda uliokwisha kukosewa hakusaidii. Jaribu pia kuuzungusha mtungi kushoto na kulia.

Tunasisitiza jaribio hili kwa sababu boti zetu nyingi ni ndogo na watu huingia majini kwa kujirusha kinyumenyume kutoka ukingoni. Mtungi ndio unaogonga maji kwanza. Wakati wa kusi, hata safari ya kutoka ufukweni hadi kwenye mwamba huipiga seti mawimbi kwa nusu saa kabla hujaivaa, kwa hiyo ikague tena mnapofika. Penye mkondo mkali kama Leven Bank au Mkondo wa Pemba si mahali pa kugundua kwamba mkanda umelegea.

Ukitokea kulegea chini, kazi hiyo ni ya mwenzako, si yako. Ashike kitako cha mtungi kwa mkono mmoja, afungue kifungio kimoja tu, aupandishe mtungi, akaze na kufunga. Ndipo ahamie cha pili. Asifungue vyote viwili kwa pamoja. Wewe shikilia regulata mdomoni kwa mkono wa kulia muda wote huo.

Toa risasi ulizozoea

Bamba la stenlesi na adapta ya chuma kwa pamoja hufika kilo 3.5 au karibu 4, na uzito huo umeshakaa mgongoni. Mtu aliyekuwa akifunga kilo 4 za risasi, yaani vipande vya uzito vya kumsaidia kuzama, akiwa na jaketi, suti ya milimita 3 na mtungi wa alumini anaweza kujikuta hahitaji risasi kabisa, au anahitaji kilo moja tu. Asiyetoa kitu atazama kama nanga, kisha atalijaza bawa kupita kiasi ili apate kuelea. Pima mwisho wa mzamio, mtungi ukiwa na baa 50: bawa tupu, pumzi ya kawaida kifuani, maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu.

Mtungi wa chuma haugeuki kuelea unapokwisha, kwa hiyo bamba zito la stenlesi pamoja na mtungi wa chuma na suti nyembamba vinaweza kukuelemea siku bawa likipasuka. Kwa mpangilio huo tunapendekeza bamba la alumini. Na bawa lenyewe, kwa mtungi mmoja katika maji yetu, la nguvu ya kuelea ya kilo 13 au 14 linatosha. Mabawa makubwa ya mitungi pacha hujikunja kuuzunguka mtungi mmoja na kunasa hewa upande usiotakiwa.

Kuosha na kukagua

Fungua mikanda, usioshe seti ikiwa imefungwa. Chumvi hujificha chini ya adapta na ndani ya matundu ya bolti, na kwenye bamba la alumini lenye bolti za stenlesi huacha unga mweupe, dalili kwamba alumini inaliwa taratibu. Pete bapa za plastiki (washa) kati ya bolti na bamba hupunguza tatizo hilo. Sugua velkro kwa mswaki. Kagua kifungio cha plastiki pembeni mwa pini, maana nyufa huanzia hapo, na mkanda uangalie pale unapopinda kwenye kifungio: nyuzi zikianza kufumuka, badilisha. Usipake grisi wala mafuta yoyote karibu na valvu.

Ukitaka tukufungie na kukupimia dukani, njoo na bamba, bawa, adapta kama unayo, mikanda yote, regulata yako na suti unayovaa, kwa sababu urefu wa mtungi hupimwa ukiwa umevaa. Mtungi tunao wa alumini na wa chuma. Tutakukagulia bolti na vifungio, tutakushonea alama za vipimo kwenye mikanda, na wewe mwenyewe utafunga na kufungua mbele yetu hadi jaribio la kutikisa lipite mara tatu mfululizo. Kama kituo unachozamia kina mitungi ya kipenyo kingine, tupigie utuambie kabla hujaja. Zungusha uzi kwenye mtungi na utuletee urefu wake.